Ngazi ya Tatu

Saa mbili kasoro robo meli imeingia,
ghorofa kumi na mbili za weupe,
imelizibia kanisa jua lake.
Kabla yake daraja letu linaloelea
lilijikunja pembeni kama mlango,
kengele ikilia, bendera ya buluu juu:
maana yake, tafuta pa kukaa, hili litachelewa.

Watu elfu tatu wanashuka na kofia mpya.
Wana saa nane na nusu.
Mimi nina kumi na wanane kati yao,
na kibao chenye namba, na hadithi ileile:
kwamba gavana fulani wa zamani aliumwa kichwa
kwa kuta nyeupe chini ya jua hili la Willemstad,
akaamuru mji mzima upakwe rangi,
na kumbe (hapa hukohoa kidogo)
duka la rangi lilikuwa lake.
Wanacheka. Wanapiga picha.
Sijui kama ni kweli. Nalipwa kwa kicheko.

Habari za watu waliouzwa gatini hapa
naziweka mwisho, karibu na choo cha kulipia,
ambapo wengi wameshachoka kusikiliza.

Mmoja alibaki nyuma. Bi Terpstra,
jina limebandikwa kifuani,
miaka themanini hivi, viatu vya kamba.
Alinishika kiwiko katikati ya daraja.
"Binti, unaijua nyumba hii?"

Picha ndogo, kingo zimeliwa.
Kijana, baharia wa meli ya mafuta, shati wazi,
amekaa kwenye ngazi, anacheka
mpaka macho yamepotea.

"Mume wangu. Nimeishi naye miaka hamsini na mmoja.
Mtu mwema. Hakupenda kelele.
Hii ndiyo picha pekee anayocheka.
Nimekuja kuona kilichomchekesha."

Ngazi ya tatu imemeguka upande wa kushoto.
Naijua. Ilinivunja jino nikiwa na miaka saba.
Na chini, kwenye saruji, mbele ya viatu vyake,
kivuli cha aliyeshika kamera:
kilemba,
mkono mmoja umeinuliwa usoni,
wa pili uko kiunoni, kama anagombeza.
Otrobanda nzima, huo mtaa wetu wa Ng'ambo,
hakuna mwingine anayesimama hivyo
isipokuwa shangazi Ludwina,
aliyekataa posa tatu
asieleze hata moja.

Kengele ikalia tena. Daraja likaanza kutembea
nasi tukiwa juu yake, mageti yamefungwa pande zote,
ng'ambo ya Punda ikisogea huku, yetu kule,
maji yakifumuka katikati kama mshono.
Bendera ya rangi ya chungwa: dakika chache tu.

Nilikuwa na dakika hizo.

"Ilibomolewa, mama," nikasema.
"Pale sasa wanaegesha magari."
Uongo ulitoka laini, kama ule wa gavana.
Akaikunja leso yake mara mbili, mara nne.
"Kulikuwa na upepo, unadhani? Siku ile?"
Nikamwambia upepo hapa hauishi.
Hilo lilikuwa kweli.

Saa kumi na nusu meli ikapiga honi,
madirisha ya mji yakatetemeka,
na jua likarudi kanisani, limechoka.

Jioni nikapanda kwa shangazi.
Ngazi ya tatu niliiruka, kama siku zote.
Alikuwa amesonga funchi, sima yetu ya mahindi,
na mchuzi wa bamia unaokimbia kijiko.

"Wangapi leo?"
"Elfu tatu."
"Na wote wamerudi melini?"
"Wote."

Akasimama mlangoni, mkono kiunoni,
akitazama kule moshi ulikokuwa ukipungua.
Kivuli chake kilishuka ngazi moja,
mbili,
kikakalia ile iliyomeguka.

Kisha akanigeukia.
"Kula. Inapoa."